Ha

Kazi yangu ni kusoma bila kuelewa.
Miaka ishirini na mitatu kiwandani kwa wachapaji, Moshi mjini,
chumba cha nyuma, harufu ya wino na chai ya jana,
nasoma kuanzia neno la mwisho kurudi la kwanza,
kinyumenyume, kama mtu anayetoka kwa mgonjwa aliyelala.
Eliawinga ndiye aliyenifunza:
Ukishaelewa tu, umekwisha.
Maana ni mwizi wa herufi.

Ni kweli. Jicho haliendi kwa miguu, linaruka,
kama tunavyovuka mfereji kwa mawe tuliyoyazoea.
Linagusa kichwa cha neno, linagusa mkia,
katikati linajijazia.
Andika *kahwaa*:
mtu wa Moshi ataikoroga, ataipuliza, atainywa.

Na neno letu si punje, ni mkungu.
*Hawajanirudishia*:
ha anakana, wa ni wao, ja ni bado, ni ni mimi,
na deni lenyewe liko ndani kabisa, kama kokwa.
Yote hayo umeyabeba kabla hujavuta pumzi.
Mengine hayajitaji mpaka yaulize majirani.
*Baba amepanda.*
Mlima, au migomba?
Unasubiri neno linalofuata kama anayesubiri chenji.
*Barabara*, je, ni ile ya kwenda Marangu,
au ni jambo lililokaa sawasawa?
Karatasi haikwambii pa kukazia sauti.

Mama alipofariki, katikati ya masika,
ratiba ya mazishi niliiandika mimi, nikaipanga mimi,
nikaisoma mimi.
Kwenda mbele.
Sikuweza kuianza kaburini.

Nakala mia tatu.
Mchungaji alisoma. Kwaya ilisoma.
Wajomba wa Kirua walifuta miwani kwa ncha za makoti, wakasoma.
Ukurasa wa mwisho, chini ya mshumaa na msalaba,
kwa herufi kubwa:

MAMA NDEANASIA, TUTAKUSAHAU.

Watu mia tatu walisoma hivyo
wakalia.

Aisia wa kaka yangu alikuwa darasa la pili.
Alikaa kihambani juu ya ndoo iliyopinduliwa,
kidole chini ya kila silabi, kama anayehesabu mayai.
Tu. Ta. Ku.
Sa. Ha. U.
Akanyamaza. Akaanza upya.
"Shangazi, kwa nini tutamsahau bibi?"

Niliichukua ile karatasi.
Naapa, bado niliiona ha.
Ilibidi niingilie mlango wa nyuma:
u, ha, sa, ku, ta, tu.
Ha moja ilikuwepo, tumboni mwa kusahau.
Ile ya kukana, haipo.
Mbele ya tu palikuwa na weupe tu.

Wiki ile mlima haukuonekana hata siku moja
na hakuna mtu Kirua aliyesema umehama.

"Tulielewa, mwanangu," mchungaji alinambia,
akinishika bega kwa mkono wenye udongo.
Najua mlielewa.
Ndiyo maana hamkuona.
Ndiyo maana sikuona mimi, ninayelipwa kuona.

Aisia alitoa penseli ya shule, akailamba ncha,
akaandika *ha* mahali pake,
h imeinama, a nene kuliko wenzake wote.
Nakala moja.
Mia mbili tisini na tisa zimo majumbani mwa watu,
zimekunjwa ndani ya vitabu vya nyimbo,
na zinasomeka barabara.

Desemba alikuja likizo. Siku hizi anasoma haraka,
midomo haichezi, kidole kimestaafu.
Nilimpa prufu ya hadithi ya fisi, yenye kosa nililolijua,
mstari wa nne.
Aliupita akicheka, akafungua ukurasa wa pili.
Nikamwongezea chai.
Sikumwambia.