Bandari ya Isevya

Kompyuta tuliinunua kwa mhasibu wa ushirika wa asali,
haina kifuniko, feni yake inakohoa,
na nilipoipuliza ndani akatoka nyuki mmoja, mkavu.
Milembe akasema: huyo ndiye mlinzi, mwache.
Nikamweka dirishani.

Kabla ya hapo msimbo wetu uliishi kwenye flashi
yenye uzi mwekundu, ikihama mifuko,
na majina yake: mwisho, mwisho_kabisa,
mwisho_wa_kweli_usiguse.
Nkwabi aligusa. Kisha akaisahau kwenye suruali,
suruali ikaenda kufuliwa.
Miezi minne ya mizani na ndoo za asali
ikaondoka na povu.
Hatukumpiga. Tulinyamaza tu, siku tatu.
Kwa Nkwabi, afadhali tungempiga.

Basi usiku wa Alhamisi, umeme ukiwa na adabu,
nikasimika Linux, nikaumba mtumiaji asiye mtu,
nikampa chumba chake, nikamkataza vya wengine.
Kisha nikafungua bandari.
Ndiyo, Tabora. Pasipo bahari, pasipo hata mto wa kutisha:
bandari ya ishirini na mbili,
na ukuta wa moto wa kuwarudisha
wasiojua kubisha hodi.

Nikabisha mimi mwenyewe, toka kompyuta ya Milembe.
Ruhusa imekataliwa.
Nikabisha tena. Ruhusa imekataliwa.
Saa nane, mbwa wa jirani wamechoka hata kubweka,
ndipo nikaona: ufunguo upo mahali pake,
ila folda nimeiacha wazi kwa kila apitaye,
na mashine haiamini ufunguo
uliolala nyumba isiyo na komeo.
Mama angeniambia hivyo hivyo, bila Linux.

Nikafunga. Nikabisha.
Karibu.

Asubuhi Nkwabi akasimama mlangoni kama mdeni.
Nikamwonyesha: hapa utachepusha tawi lako,
kama reli zinavyoachana pale stesheni,
hii Mwanza, hii Kigoma.
Haribu huko uendako, shina halitikisiki;
ukirudi salama tutaunganisha.
Na kila utakachobadili kitaandikwa,
kwa jina lako, na saa.
"Hata ya suruali?" akauliza.
Milembe alicheka mpaka akashika meza.

Akaketi. Siku mbili hakuinuka ila kula.
Kisha, kwa vidole viwili, akaandika
ujumbe wake wa kwanza ghalani:
"Nimeandika upya mizani. Samahani."

Dirishani nyuki alitikisa bawa.
Ilikuwa feni tu.