Sakitu ya Mwisho

Pakiti imetoka Uholanzi, karatasi yake inang'aa,
picha ya dalia nyekundu kama ndani ya kinywa cha mtoto.
Nyuma, kwa herufi ndogo kuliko mbegu zenyewe:
panda baada ya sakitu ya mwisho.

Ssempebwa kaniletea, kidole juu ya neno.
"Mama, sakitu ni kitu gani? Na ya mwisho ni lini?"
Hapa Kajjansi, kando ya barabara ya Entebbe,
ambako usiku wa baridi ni usiku wa shuka mbili,
na saa saba mchana vikopo vya miche hulainika kwa jua.
Nilitaka kucheka.
Kicheko kikagoma.

Kwa sababu mimi ninayo sakitu yangu ya mwisho.
Najua ilipoangukia:
bondeni, chini ya Kabale, mwezi wa saba,
mwaka ambao mama alipanda viazi kabla ya wakati
maana ada ya shule haikutaka kungoja.
Usiku ule hapakuwa na upepo, wala wingu.
Mama alitoka mara tatu kutazama juu.
"Mbingu ikilala uchi," alisema, "anayetetemeka ni udongo."

Kulipokucha bonde lilikuwa jeupe
kana kwamba mtu kamwaga unga, akaona haya kuuzoa.
Sisi watoto tulifurahi! Tukaandika majina yetu
kwa vidole, jani hili na jani lile.
Jua likapanda. Majani yakawa meusi, yakalegea,
yakanuka kama mboga iliyosahauliwa sufuriani.
Mama aliketi juu ya tuta, hakusema neno.
Muhula ule nilichunga mbuzi.

"Ni baridi inayounguza," nikamjibu.
"Baridi, mama? Iunguze?"
Akaenda zake kumwagilia, mabega yakicheka.

Basi nikabaki na pakiti na kalamu.
Huku kinachoua ni kingine:
jua la Januari linalokausha mche ukiwa umesimama,
mchwa, na ile mvua ya Aprili
yenye matone kama njugu, inayopiga mpaka shina linapiga magoti.
Bi Nalubowa alipanda Machi, ana harusi ya mwanawe,
nikamwambia ngoja, akasema maua si mahindi.
Alirudi na mizizi mkononi, laini kama ndizi iliyoiva mno,
akataka nimrudishie pesa.
Nilimrudishia nusu.

Nikaikata ile sentensi ya Uholanzi.
Juu yake nikaandika kwa mkono:
panda mwezi wa tano, senene wakishaziacha taa,
mvua ikianza kusahau siku zake.
Nikaandika hivyo kwenye pakiti arobaini na tatu.
Kalamu ikaisha, nikaazima ya muuza maziwa.

Tukapanda. Mche ukashika, ukatoa tumba.
Ukaja Julai, na usiku mmoja nikaamka bila kuitwa.
Nje, anga safi, nyota zimekaribia paa,
hakuna jani linalotikisika.
Ninajua nilipo. Ninajua ziwa liko kule, na joto lake.
Miguu haikujua.
Nikatoa magunia ya kahawa stooni,
nikazifunika dalia, mstari kwa mstari,
kama mwizi anayerudisha mali.

Asubuhi magunia yalikuwa makavu kama yalivyotoka.
Ssempebwa akayatazama, akanitazama,
akayakunja mojamoja.
Nilijiandaa kwa kicheko chake.
Hakuuliza.

Jioni ile nilichelewa kurudi kutoka benki.
Lango limefungwa, yeye kaondoka,
anga safi tena.
Nikawasha tochi: mistari yote imekwisha kufunikwa,
magunia yamebanwa kwa mawe pembeni.
Mstari wa mwisho yalimpungukia.
Pale alikuwa ametandaza koti lake la mvua,
mikono imenyooshwa,
vifungo vimefungwa hadi shingoni.