Mpaka Njia Ziishe

Vernetta hawezi kushika kalamu.
Vidole viwili vya mkono wa kulia
vilibanwa na mlango wa chuma, siku ile
Sajini Pruitt aliposema "Ingia!" na kuusukuma
kabla neno halijamtoka lote mdomoni.
Kwa hiyo naandika mimi.

Fomu ina mistari sita.
Maumivu yasizidi mistari sita.
Wino mweusi tu. Sanduku la bati
liko nje ya bwalo, na ufunguo wake
unaning'inia kiunoni mwa nani?
Usiniulize. Kesi ya nyani
tumekwisha kumpelekea ngedere.

Jibu la kwanza: imekataliwa,
mwandiko si wa mlalamikaji.
La pili: imechelewa. Siku ni kumi,
na zote kumi Vernetta alikuwa hospitalini Macon,
mkono mmoja kwenye plasta,
wa pili kwenye pingu.
La tatu lilirudi bila neno, mhuri tu,
umekaa upande
kama aliyeugonga alikuwa anacheka.

Nikasema tuache, tuiandikie mahakama moja kwa moja.
Jaji ana macho.

Akanitazama kama unavyomtazama mtoto
anayetaka kula ugali kabla maji hayajachemka.
"Binamu yangu Ozella aliruka hivyo hivyo.
Jaji hakufika hata kwenye mbavu zake.
Aliuliza moja tu: njia za ndani, ulizimaliza?
Faili likafungwa. Hata kikohozi kina sauti zaidi."

Basi tunazimaliza.
Rufaa kwa mkuu wa gereza.
Rufaa kwa kamishna, kule Atlanta,
ambaye naye anamuuliza mkuu wa gereza,
ambaye anamuuliza Pruitt.
Nakala za waridi nazificha ndani ya Biblia yake;
Kitabu cha Ayubu kimenenepa mpaka jalada halifungi.
Sheria inataka njia ziishe.
Kuhusu sisi kuisha, haikuandika kitu.

Usiku wa kuamkia leo sikulala,
namsikia akikwaruza karatasi gizani
kwa mkono wa kushoto.
Kulipokucha akanionyesha jina lake,
herufi zimetawanyika kama kuku waliofukuzwa,
V imelala chali, miguu juu.

"Huu nao," akasema,
"watasema ni mwandiko wa nani?"

Zimebaki siku mbili.
Nimempa kalamu.
Nyeusi.