Usiandike Chini ya Mstari Huu

Fomu nimeichukua Tononoka, dirisha la tatu,
kwa bwana asiyeinua uso. Kurasa nne.
«Wino mweusi,» alisema. «Herufi kubwa.
Ukikosea usifute, chukua nyingine,
na nyingine ni shilingi kumi.»

Jina kamili: MBEYU KAHINDI CHARO.
Kozi: USTAWI WA JAMII, MWAKA WA PILI.
Hapo kalamu ilikwenda vizuri.

Kazi ya mzazi.
Mama hukaanga viazi karai Magongo,
mkabala na pale malori yanapopoza magurudumu.
Ukwaju huuchuja usiku, mimi nikisoma
kwa taa ya jirani inayoingia dirishani kwetu
bila kulipa kodi.
Niliandika: BIASHARA.

Mapato kwa mwezi.
Mwezi upi?
Wa Ramadhani, magharibi watu hupanga foleni hadi barabarani.
Januari hata nzi hawaji.
Nilimwuliza mwenyewe. Alihesabu kwa vidole vyenye unga wa manjano,
akafika cha sita, akacheka: «Andika kidogo.»
Fomu haina kisanduku cha kidogo.

Mjomba Ngala, tulipomwendea kwa karo,
alitumiminia chai, akatupa methali:
fadhili mbuzi utakunywa mchuziwe,
fadhili mwanadamu atakuudhi.
«Na wewe,» akanigeukia, «bandari ipo, forodha ipo,
umekwenda kusomea kuudhiwa.»
Sikumjibu. Chai ilikuwa na tangawizi, nzuri.

Uzoefu wa kazi, kama upo.
Upo. Uko mkono wa kushoto, chini ya kidole gumba:
meno ya Lali, miaka saba, kituo cha watoto Mikindani,
wiki yangu ya kwanza ya mazoezi.
Hasemi. Aliletwa na askari akiwa na kiatu kimoja,
nami nilitaka kumvua kile kiatu nimwogeshe.
Aliniuma nikaona nyota adhuhuri.
Wiki ya sita nilimwacha akishike mkononi,
akaoga.
Ndiyo hiyo tu. Haina cheti.
Siku niliyoondoka alinitazama, akageukia ukuta.
Mjomba angesema: unaona?
Naona.
MIEZI MITATU, KITUO CHA WATOTO.

Eleza kwa nini unastahili. Mistari mitano.
Neno hili kustahili limenikesha.
Fomu zilizotoka ni arobaini na moja, nafasi ni mbili.
Saumu, anayesomea ualimu wa viziwi,
jina limemwandama: tangu Jumatano amefunga, na si sunna.
Saa saba hunywa maji ya bomba, hujifuta mdomo
kama mtu aliyekula pilau.
Nikistahili mimi, yeye amekosa nini?
Niliyaandika hayo yote, nikakosea herufi moja,
nikalipa shilingi kumi.

Mara ya pili niliandika:
MBUZI HULIPA MARA MOJA, AKAISHA.
NAOMBA KARO YA MUHULA MMOJA
NIJIFUNZE KUKAA NA ASIYELIPA.
Mistari miwili niliiacha wazi.

Ukurasa wa nne, sahihi ya mzazi.
Mama alifuta mikono kwenye leso, hakufuta ikatosha,
akashika kalamu kama kile kijiti cha kugeuzia viazi,
akaandika jina lake lote, polepole,
kwa herufi kubwa, naye asikosee.
Chini yake mstari mzito. Chini ya mstari:
KWA MATUMIZI YA OFISI TU.
USIANDIKE CHINI YA MSTARI HUU.

Doa la mafuta usiku lilikuwa kubwa kama kunde.
Asubuhi, kwenye foleni ya dirisha la tatu,
lilikuwa limeshavuka mstari,
na ukiinua karatasi kwenye mwanga
unaona upande wa pili.