Utetezi wa Mdaiwa

Wito ulikuja Jumanne, mvua ikipiga bati la Pasua.
Aliyeuleta aliomba maji kwanza
ndipo akaomba saini.
Siku tisa niliuficha chini ya cherehani,
nikikanyaga pedeli kama vile karatasi husagika.
Siku ya kumi Godlisten, mwanangu, akauchomoa:
"Mama, wametupa ishirini na moja.
Ukinyamaza, wameshinda."

Basi najibu.

Aya ya kwanza: kwamba mimi ni mshona nguo,
mkazi wa Pasua, Moshi. Nakubali.
Ila wameandika Apakunda.
Mimi ni Apaikunda. Hiyo i
baba alikuja nayo kutoka Machame,
na sikuiweka rehani.

Aya ya pili: kwamba nilikopa laki sita,
na riba laki na ishirini. Nakubali.
Zilinunua overloki. Ipo, inanguruma,
majirani ni mashahidi, hasa usiku.

Aya ya tatu: kwamba deni langu
"lilihamishiwa kihalali" kwa Tegemeo Makusanyo.
Siwajui.
Mimi nilikopa ghorofani, juu ya duka la mbolea,
kwa watu wenye sura.
Hata mbuzi akiuzwa Kiborloni
huonyeshwa anayemnunua,
kamba ikatoka mkono huu ikaingia mkono ule.
Mimi niliuzwa nimelala.

Aya ya nne: kwamba sijalipa hata senti.
Nakataa.
Nakataa, na naambatisha daftari,
lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma.
Kila Ijumaa Bwana Mkilindi aliegesha pikipiki,
akapokea elfu kumi na tano,
akasaini kwa kalamu nyekundu.
Wiki thelathini na nne.

Wiki ya ishirini na tatu haina saini.
Alikuja mkono umefungwa plasta,
akasema, "Nitasaini Ijumaa ijayo, dada,"
na Ijumaa ijayo sote tulisahau.
Jana usiku nilimkuta Godlisten
ameshika kalamu nyekundu, ulimi nje,
anajaribu ule mkia wa M pembeni mwa gazeti.
Aliipatia. Mungu wangu, aliipatia vizuri.
Nikamnyang'anya.
Tumehesabu thelathini na tatu.

Laki saba na ishirini,
toa laki nne na tisini na tano:
laki mbili na ishirini na tano elfu.
Hizo nadaiwa, sizikimbii.
Milioni moja na laki tisa waliyoiandika
waulizwe wao walikoiokota.

Aya ya tano nilikuwa nimeijaza:
walivyompigia simu mwenyekiti wa kwaya,
wakampigia fundi viatu, wakampigia mkwe
ambaye hata harusi hatujapanga,
wakisema tapeli huyu mnamjua?
Jumapili ile niliimba sauti ya pili
nikitazama viatu vyangu.
Zulfa wa steshenari aliinua macho kwenye kompyuta:
"Mama, ukurasa wa pili ni elfu moja mia tano.
Na hii haijibu aya yoyote."
Nikapapasa pochi.
Nikamwambia futa.
Ilifutika haraka kuliko nilivyotaka.

Kwa hiyo mdaiwa anaomba:
madai yapunguzwe yafanane na daftari,
alipe elfu ishirini na tano kila mwezi,
na jina lake liandikwe lote.

Siku ya kumi na tisa, dirisha la masijala.
Karani alisoma akitafuna karanga, bila haraka,
akafika mwisho, akarudi mwanzo.
Akafungua jalada lao,
akachukua biki, akachora kialama kidogo
kati ya a na k,
akachomeka i.
Ndipo akavuta mhuri.