Usibandue

Punta Arenas, Novemba. Redio imetangaza rangi ya zambarau:
jua la leo lachoma kwa dakika saba,
watoto wavae kofia, wachunga kondoo wapake krimu.
Mimi nalitafuta jua hilohilo.

Mezani, kompyuta ya ghala la sufu la Oyarzo
imevuliwa bati, matumbo nje.
Kila asubuhi huamka ikidhani ni Januari, mwaka themanini,
mimi sijazaliwa
na kondoo wa leo bado ni nyasi.
Mizani ya ghala haielewani na mashine nyingine. Wamejaribu.
Diski mpya nayo imeikataa katakata: kubwa mno,
kama mgeni aliyekuja na kitanda chake.

Dawa ni chipu moja, miguu ishirini na minane,
jongoo mweusi kwenye ubao wa kijani,
na mgongoni kidirisha cha kioo, upana wa ukucha,
kimezibwa kwa kibandiko.
Mwandiko wa baba, wino mwekundu:
USIBANDUE.

Nilipenyeza bisibisi bapa upande huu, kisha ule,
kidogo huku, kidogo kule,
kama anayemng'oa mtoto jino huku akimsimulia hadithi.
Mguu mmoja ulipinda. Nikatukana.
Nikaunyoosha kwa kibano cha nyusi.

Kwanza nikanakili yote, baiti elfu sitini na tano na ushei,
nikaipekua safu kwa safu usiku kucha
nikitafuta jina lake, au langu, au hata tusi.
Jina la kiwanda. Tarehe.
Kisha FF, FF, FF hadi mwisho,
uwanda mtupu kama barabara ya kaskazini.

Baba hakufa. Alihamia Puerto Natales
na mwenye duka la mikate, mwaka nilioanza sekondari.
Nikampigia. Kimya, kisha mlio wa sinia ikiingia ovenini.
"Kibandiko? Kilikuwa cha chupa ya jemu.
Bandua tu, Yasna."

Taa ya kufutia iliungua zamani,
basi nimeianika chipu uani juu ya sifongo,
nikaifunga uzi, maana upepo wa hapa haubishi hodi.
Siku nane.

Watu hudhani kufuta ni kurudi kwenye sifuri.
Sivyo. Mwanga ukishapita, kila tundu husoma moja,
moja, moja, moja:
kila kitu kimesema ndiyo,
na kuandika ni kuchagua pa kusema hapana.

Siku ya tisa niliandika programu mpya,
nikaikandamiza chipu kwenye soketi mpaka ikasema ka.
Mlio mmoja mfupi. Diski ikahesabiwa. Mwaka ukaulizwa.
Nikaujaza, tarakimu zote nne, haikubisha.

Kidirisha sasa kiko wazi.
Nimeroweka chupa ya jemu ya kalafate kwenye maji moto,
karatasi imetoka nzima.
Nje Oyarzo anapiga honi, marobota yamejaa lori.
Naandika BANDUA UKIHITAJI,
herufi kubwa mno, nafasi finyu,
imeishia BANDUA UKI.