Nati ya Mwisho

Nkuhungu, saa saba mchana. Nimelala ubavu
kati ya ukuta na simtanki,
tochi ya simu mdomoni, jasho machoni.
Msumeno hauna pa kwenda:
unasogea nusu kidole, unarudi,
unanichuna vifundo kabla ya bomba.

Kipande cha zamani kimetoka
na ukoko wa mafuta, punje za wali,
na kijiko nilichochapiwa nikiwa darasa la nne.

Kiwiko kipya. Gundi. Nahesabu hadi thelathini.

Ndipo nauona mzizi,
mwembamba kama uzi wa kushonea,
umepenya tofali kutoka kwenye mzabibu wa uani
uliozaa kiangazi chote
bila kumwagiwa hata kopo.

"Mbeleje, umemaliza?" Mama, toka jikoni.

Bado nati moja.
Naikaza,
kisha nailegeza robo.